Kifungu cha Kusahau

Jumatatu, 4 Machi 2024
Historia leo. Mwalimu Christophe anatufundishia sebuleni kwake hapa mtaa wa Xiaobei, ugenini kwa Wachina, sisi watoto wa Wakongo. Somo: miji ya Ufaransa baada ya vita vya dini. Wakatoliki na Waprotestanti walichinjana zaidi ya miaka thelathini, jirani kwa jirani. Mwaka 1598 mfalme akatoa sheria. Kifungu cha kwanza: kumbukumbu ya yote yaliyotendeka izimwe, kama mambo ambayo hayakutokea. Cha pili: marufuku kusutana kwa yaliyopita.
Gracia aliuliza, na wale waliouliwa baba zao? Mwalimu akasema, hata wao.
Insha: Je, mji unaweza kupona kwa kusahau?

Jumatano, 6 Machi
Nimeandika ndiyo. Niliwaza kanisa letu. Tangu Agosti limegawanyika, watu wa wazee na watu wa Pasta Loïc. Viti vilirushwa ndani ya ukumbi wa hoteli tunamosali. Kisha mtu akawaambia polisi kwamba viza ya Baba, mtu wa wazee, imeisha. Alipelekwa uwanja wa ndege akiwa na kandambili. Sasa yuko Bukavu, na Mama ananunua nguo za biashara soko la Shisanhang peke yake. Akiwaona watu wa Pasta barabarani anawatazama mmoja mmoja usoni. Najua anatafuta nini.
Niliandika: “Anayetaka kuishi mtaa mmoja na adui yake asiulize nani alimdhuru.” Nimepata kumi na saba juu ya ishirini.

Jumapili, 10 Machi
Laoban, mwenye hoteli, amesema atapangisha kundi moja tu, tupatane au tutoke. Kwa hiyo mkutano, pande zote mbili. Mwalimu Christophe alisimama akasoma sentensi yangu. Akataja jina langu, Kethia! Watu wakapiga makofi. Pasta Loïc akasema mtoto amewapita wote.
Wamekubaliana: hakuna atakayeuliza nani aliita polisi. Na Jumapili ijayo kila familia ya upande mmoja itaalika familia ya upande wa pili. Papa Clément, ambaye ni mtu wa Pasta, alisema, “Mimi mnitume kwa Mama Kethia, sombe yake haina chama.” Wote walicheka, kila mtu anaijua sombe ya Mama, mboga ya majani ya muhogo.
Mama hakucheka. Tukiwa njiani alisema, “Umenifunga mdomo, mwanangu. Na kamba umeisuka wewe.”
Nilisema ni kwa ajili ya amani.

Jumanne, 12 Machi
Kura imepigwa. Wageni wetu, kutoka upande wa Pasta, ni Mama Gracia na Gracia. Mama amefurahi kidogo. Zamani walikuwa wanapanda metro pamoja kwenda sokoni.

Ijumaa, 15 Machi
Mapumziko. Gracia alinivuta kwenye ngazi. Ni mama yake aliyewaambia polisi.
Alidhani watamtoza Baba faini tu, kama walivyomtoza kaka yake mwenyewe. Alitaka wazee waogope, waache ukumbi. Gracia alilia. Nilimwuliza kwa nini ananiambia. Akasema, “Uliandika tusiulize. Hukuandika tusiseme.”
Nilimjibu asante. Asante ya nini? Sijui.
Nikimwambia Mama, kanisa litavunjika tena, na ukumbi ndio basi. Nisipomwambia, nitampitishia Mama Gracia sahani nikijua.
Nimesoma insha yangu tena. Imeandikwa vizuri. Aliyeiandika hakuwa amefiwa wala kunyang’anywa. Alikuwa mwanafunzi anayetaka alama. Hapana, si kweli. Nilitaka Mama aache kutazama nyuso.

Jumapili, 17 Machi
Mama amepika tangu asubuhi, sombe, samaki, bugali. Alipokuwa akigeuza samaki aliniambia ameamua. Mkutanoni hatauliza. “Lakini Mama Gracia ni mtu wangu. Nitamwomba yeye tu, mama kwa mama, anisaidie kumjua huyo mtu. Nikimjua nitamsamehe. Nikimkosa, nitamsamehe nani?”
Nilikata nyanya.
Wamefika. Nimesema natafuta taulo ya mikono, naandika haya chumbani. Mlango uko wazi. Mama Gracia ameketishwa kwenye kiti cha Baba. Hajagusa chakula. Gracia ananitazama kutoka mezani na kutikisa kichwa polepole, sielewi kama ni usiseme au ni siwezi tena.
Mama amemsogezea sahani. Anasema, “Dada yangu, kula kwanza. Kisha nina neno moja la kukuomba.”