Gobore la Mkono wa Kushoto

Pigeon Fork, Kentucky
Jumapili, 20 Oktoba 1974

Mpendwa Mjomba Denzil,

Pokea salamu zetu kutoka huku bondeni. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na mkaza mjomba Wilma, na kwamba kile kikohozi cha kiwandani kimeanza kukuachia nafasi ya kupumua. Mama huuliza habari ya kikohozi hicho kila tunapokaa mezani, kana kwamba mimi ndiye daktari wako.

Sisi hatujambo. Magoti yanamsumbua Mama kila mvua inapokaribia, lakini fimbo haitaki. Anasema fimbo ni ya wazee. Amepika matufaha ya mwaka huu na kuyatia kwenye chupa, na amekuwekea yako kabatini. Majani ya mlimani yamegeuka rangi yote, na njugu za miti ya hikori ni nyingi hata mtu akipita njiani zinampasukia miguuni.

Mjomba, katika barua yangu iliyopita nilikusimulia kwa majivuno habari ya gobore nililonunua kwa ajili ya kindi, nawe ukajibu kwamba utakuja sikukuu ya Shukrani tuwinde nalo pamoja. Naandika kukuomba usilitazamie. Haliko tena kwangu. Ningeweza kuishia hapo, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kulenga, na sitaki uisikie habari hii kwa mtu mwingine, maana hapa kila mtu anayo.

Unakumbuka jinsi nilivyohangaika kutafuta gobore dogo. Madukani yamejaa makubwa, ya kulungu, ambayo ukimpiga kindi unabaki na mkia. Mimi nilitaka mtutu mwembamba wa kimila, unaokula risasi isiyozidi punje ya njegere na baruti ya kujaza kofia ya mbegu ya mwaloni. Na hata nilipoyapata ya namna hiyo, yalikuwa ya mkono wa kulia. Unalijua shavu langu. Mtu wa mkono wa kushoto akifyatua gobore la wenzake, mtambo uko mbele ya uso wake, na fataki ya kuwashia baruti ikipasuka vipande vinamrukia shavuni. Ulikuwa ukiniambia nibadili bega. Nilijaribu, Mjomba, na kindi wa bonde hili ni mashahidi kwamba sikufaulu.

Mzee Burchel Combs, yule fundi wa bunduki wa Mto Juu, alifariki wakati wa kuchipua majani. Hakuacha wosia. Mwanawe wa kiume aliyeko Indiana akataka kila kitu kipigwe mnada na mapato yagawanywe, na binti yake, Bi. Oleta, aliyemuuguza mzee hadi mwisho, hakuwa na la kusema. Mnada ukafanyika uani kwao, mwishoni mwa Agosti.

Nilifika mapema. Juu ya meza ya mbao, kati ya patasi na majembe, lilikuwapo gobore jembamba lenye kitako cha mepo, mbao ngumu yenye mawimbi, na mtambo wake ulikuwa upande wa kushoto. Nililiinua, likakaa begani kama mtoto anayemjua mlezi wake. Macho yangu yakaenda moja kwa moja kwenye shabaha bila kutafuta. Sijawahi kushika kitu kilichonikubali hivyo. Kuanzia hapo sikuwa na akili nyingine.

Wewe unaijua desturi yetu vizuri kuliko mimi. Jamaa wa marehemu akitaja bei ya kitu cha marehemu, majirani wote hutia mikono mifukoni. Kitu kinamwendea kwa bei aliyoitaja, hata iwe ndogo namna gani. Hakuna sheria iliyoandikwa. Nimekulia humo.

Dalali Hobart Spurlock alipolinadi lile gobore nilitaja bei. Nyuma yangu, karibu na kibanda cha kukaushia nyama, sauti ya mwanamke ikataja bei ya juu kidogo. Nami nikapanda. Sauti ikapanda. Mjomba, kusikia nilisikia, kugeuka sikugeuka. Nilijiambia kwamba huenda ni mchuuzi wa vitu vya kale kutoka Lexington, maana wanakuja siku hizi. Kama ningegeuka ningemwona, na ndiyo sababu sikugeuka.

Nikapanda tena. Hobart, ambaye mdomo wake haufungwi hata kanisani, alinitazama.

"Una hakika, kijana?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Nakuuliza mara ya pili. Una hakika kabisa?"

Hakuna dalali anayeuliza hivyo. Alikuwa akinifungulia mlango nitoke. Lakini watu wote walikuwa wakinitazama, nami nikaogopa kuonekana mjinga anayetaja bei kisha anaimeza. Nikasema ndiyo, nina hakika. Kutoka nyuma hakikusikika kitu. Bi. Oleta alikuwa amekuja na bei ya binti wa marehemu, akiwaamini majirani zake.

Lililonikalia moyoni siku hizi ni hili: fundi gani hutengeneza gobore la mkono wa kushoto na kuliweka tu? Kitu cha namna hiyo hutengenezewa mtu. Mzee Burchel alitumia mkono wa kulia. Ningejiuliza swali moja tu pale mezani, ningepata jibu. Sikujiuliza.

Na jambo baya zaidi, Mjomba, ni kwamba nililifurahia. Nilikuandikia barua yenye furaha na furaha ilikuwa ya kweli. Nilikuwa nikipanda mlimani ukungu ukiwa bado umelala bondeni, nakaa chini ya hikori na kusikia maganda yanavyodondoka kama manyunyu pale kindi anapotafuna juu. Napima baruti, naweka risasi ndani ya kitambaa chake chenye mafuta, nashindilia taratibu kwa mdeki, navisha fataki. Kisha nangoja. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama mtu aliyevunja kijiti, hata kindi wa mti wa pili hakuacha kula. Uso wangu ukabaki salama. Nyama haikuharibika hata chembe. Mama alikaanga, akatengeneza mchuzi mzito wa maziwa, tukala na mkate wa mahindi, na nilikuwa nikilala usingizi wa mtu asiye na deni.

Mjini lakini mambo yakaanza. Unajua kazi yangu ni kukaa dirishani kwenye ofisi ya wilaya na kuwatolea watu namba za magari. Siku moja Mzee Crit Napier alikuja kulipia lori lake. Nikamtajia ada. Akageuka akatazama mstari wote nyuma yake.

"Hiyo ndiyo bei, karani," akasema, "au tungoje tuone kama kuna atakayepanda juu yangu?"

Mstari mzima ukacheka. Mimi nikapiga muhuri juu ya kidole changu. Nilimuuliza Bi. Maxine, karani mwenzangu wa miaka mingi, kama watu wanasema lolote juu yangu. Akaendelea kunoa penseli yake.

"Mwanangu, hata paka wa ofisi hii anajua," akasema. "Nilidhani wewe ndiye usiyejua, ndiyo maana nikakunyamazia. Kumbe unajua."

Kisha wiki jana Bi. Oleta mwenyewe akaja dirishani. Nilitaka kwenda chooni na kubaki huko. Nilijaza karatasi zake bila kuinua macho, nikazichafua kwa wino kama kawaida yetu sisi tunaoburuta kiganja juu ya maandishi. Nikamsogezea atie saini. Akaishika kalamu kwa mkono wa kushoto.

"Na wewe?" akaniuliza, akiutazama wino kwenye kiganja changu.

"Na mimi, mama."

"Shuleni walikufunga mkono?"

"Walijaribu."

"Mimi walinifunga na mshipi wa baba niliofungia vitabu. Baba alipojua akaenda kuuchukua mshipi wake, na mwalimu hakurudia." Akamaliza saini yake. "Basi afadhali limemwangukia wa upande wake. Linapigaje?"

Nikasema linapiga vizuri.

"Usililishe sana," akasema. "Hilo hula kama mgeni mwenye haya. Ukizidisha baruti linarusha juu. Na kitambaa tumia cha godoro, cha shati hakifai." Akachukua namba zake, akaniambia nimsalimie Mama, akaondoka.

Angenitukana, Mjomba, ningejua pa kusimama. Angeniita mwizi mbele ya mstari mzima, ningekasirika, na hasira ingenisaidia. Yeye alinifundisha namna ya kulitunza gobore lake. Siku hiyo sikula. Mama aliuliza nina nini, nikasema tumbo. Akasema, "Hilo tumbo linakaa kwa akina Combs." Basi hata yeye.

Jana nikaenda kulirudisha. Na hata hapo, sijui utanionaje, sikwenda moja kwa moja. Nilipita kwenye hikori zangu kwanza, nikapakia, nikakaa. Nilitaka kufyatua mara moja ya mwisho. Akaja kindi mkubwa, akakaa kwenye tawi akinitazama kama hakimu. Nikamlenga. Kidole hakikutaka. Nikainuka nikaendelea na safari, na nilipofika langoni kwa Bi. Oleta ndipo nikakumbuka kwamba nimebeba bunduki yenye risasi kwenda kwa mtu. Nilisimama nje ya lango kama mchukuzi aliyepotea. Kuingia nayo hakuruhusiwi, na gobore likishapakiwa risasi haitoki ila kwa kufyatuliwa.

Alitoka na kunikuta hapo, mikono yake ina unga.

"Mbona umesimama huko, karani?"

"Lina risasi ndani, mama."

"Na limekuja kufanya nini huku?"

Nilikuwa nimetunga maneno njia nzima. Yote yalipotea. Nikasema, "Nilikusikia siku ile. Nilikusikia na sikugeuka."

Alipangusa unga kwenye aproni, kidole kimoja kimoja, akaja langoni, akanyoosha mkono wa kushoto. Nikampa. Akaitazama fataki, akauvuta mtambo, akaliinua begani. Sikuona alicholenga. Mwisho wa ua kuna mjozi, na kwenye tawi lake la chini jozi moja ya kijani ilipasuka na kutoweka.

"Bado linavuta juu kidogo," akasema. "Baba hakukubali kamwe. Alisema ni mimi."

Akanusa mdomo wa mtutu. Akapitisha kidole kwenye mtambo, akachunguza ndani ya pembe zake kama mama anayekagua masikio ya mtoto.

"Umelisafisha vizuri," akasema.

Akaingia ndani, akatoka na bahasha, akanilipa bei yake ya mwisho ya siku ile, ile niliyoizima mimi. Sikuthubutu kukataa. Asante hakuniambia, na alikuwa na haki. Nani humshukuru mtu kwa kumpa kilicho chake?

Lakini kuna jambo moja, Mjomba, na wewe uliyelelewa huku utalielewa kuliko mtu yeyote huko Detroit. Ilikuwa saa ya chakula. Maharage yalikuwa motoni, nilisikia harufu yake. Hapa kwetu kila mtu humwambia kila mtu, "Kaa ule nasi." Tunamwambia mkusanya kodi. Tunamwambia mtu tusiyempenda, huku tukiomba akatae. Bi. Oleta alisema, "Njia imelowa kule kwenye daraja, angalia," akafunga mlango. Nilirudi nyumbani nikiwa na njaa ambayo chakula cha Mama hakikuiondoa.

Sasa utakapokuja sikukuu ya Shukrani utanikuta na bunduki ile ya zamani ya mkono wa kulia, na shavu langu. Tutakwenda pamoja, wewe utapiga na mimi nitabeba. Usinionee huruma, tafadhali. Nikuombe tu usije na maneno ya kunitetea mbele ya Mama. Hajanilaumu, na ningependa aendelee kutonilaumu kwa namna yake.

Nilipokuwa nikivua koti jana jioni niligusa kitu mfukoni. Ni risasi moja ya gobore lile, iliyotoka kwenye kalibu ya Mzee Burchel mwenyewe, iliyonunuliwa pamoja nalo. Nilikuwa nimeitoa nipakie mara ya pili endapo ningekosa. Ni ndogo hata ukiifumbata hujui kama ipo. Iko mezani karibu na karatasi hii. Ningeweza kungoja aje ofisini mwaka ujao, nimsogezee dirishani pamoja na namba zake. Bi. Maxine, niliyekutana naye leo kanisani, ananishauri niitupe mtoni. Lakini ni yake, na Jumamosi nitampelekea kwa miguu. Nitabisha hodi saa ya chakula. Huenda ataniambia nikae nile, huenda hataniambia. Nitakwenda hata hivyo.

Msalimie sana mkaza mjomba Wilma, na binamu zangu Darrell na Jolene, na yule jirani yenu wa Harlan anayelia kila akisikia banjo. Mama anasema uvae sweta aliyokufumia na usiiweke tu sandukuni. Mungu akulinde kwenye mashine zile, akupe pumzi safi, na akulete nyumbani salama njia ikiwa kavu.

Ni mimi mpwa wako, ninayekupenda na ninayeona haya,

Lowell