Ulibeba Ndege, Ukamwacha Ndaya

Tata Ndaya,

Ndiyo, nakuita hivyo, baba wa Ndaya, ingawa jina hilo ulilikataa mbele ya watu. Dada yako alifika kwangu Jumapili na ombi lako la kurudi nyumbani. Jibu langu naliandika wazi, anayetaka kulisoma alisome.

Unakumbuka asubuhi zetu hapa Kolwezi, nyuma ya nyumba, tukiwapa mtama wale chiriku wako wenye midomo myekundu, uliozoea kuwaita mandarini? Kila jike alipolalia mayai tulishindana kutabiri rangi ya vifaranga, na aliyekosea alisonga bukari, ugali wetu. Siku uliyokosea wewe, majirani walikuja kuchungulia mwanaume akihangaika na mwiko. Nilicheka hadi machozi. Nilikupenda sana siku zile.

Ni wewe uliyenifundisha. Ndege wawili wa kijivu wanaweza kuzaa mweupe, ulisema, kama kila mmoja amebeba weupe ndani yake bila kuonekana. Kifaranga akiupata kwa baba tu, au kwa mama tu, anabaki wa kijivu. Akiupata kwa wote wawili, anatoka mweupe. Ndiyo maana dereva mmoja wa lori alipokurudishia tundu kwa hasira, kwa sababu jozi ya kijivu uliyomwuzia imezaa kifaranga cheupe, akapayuka, "Huyu mama yake alitoka inje!", watu walicheka, wewe hukucheka. Ulimwambia, "Hapana, mukubwa. Weupe ilikuwa mu damu ya bote babili. Ilijificha tu. Usisingizie mama."

Nilikuwa nimesimama kando yako, na mimba yako tumboni.

Ndaya akazaliwa, nywele rangi ya majani makavu, macho yanaogopa mwanga. Muuguzi alikueleza kwa upole kwamba mtoto ana ualbino. Hukumtazama mara ya pili. Ulingoja nitoke materinite, hospitali ya uzazi, nifike nyumbani, uwanjani mwa parseli yetu, baba yangu akiwepo, majirani wakiwepo, ndipo ukasema kwa sauti: "Huyu si mutoto yangu. Aende atafute muzungu yake kule ku mine anauzishaka bitumbula." Vitumbua nilivyouza mgodini ukavifanya ushahidi.

Nilikushika mkono. "Tata, kumbuka yenye uliambia ule dereva."

Uliuchomoa mkono. "Bantu habako ndege." Eti watu si ndege.

Kesho yake ulipakia matundu yote kwenye gari la kwenda Fungurume. Hata kile kifaranga cheupe ulikibeba, tena ukakifunika kitambaa kisipigwe na upepo. Mtoto wako ukamwacha bila hata kumshika.

Lakini neno lako hukulibeba. Limebaki hapa mtaani. Ndaya ana miaka minne sasa, na watoto wenzake bado wanamwita "wa muzungu". Jua linamwunguza, namshonea nguo za mikono mirefu. Haoni mbali, nimekwenda kumbembeleza mwalimu amkalishe mbele. Yote hayo nayaweza. Ila juzi aliniuliza, "Mama, tata yangu ni muzungu gani?"

Halafu dada yako anakuja na unga na kofia ya mtoto, ananiambia shangazi yenu wa Mutshatsha amefichua kwamba kaka wa baba yenu alizaliwa kama Ndaya, ukoo ukamficha. "Sasa anaamini," akasema. Anaamini! Umemwamini marehemu usiyewahi kumwona, mimi niliyelala kando yako hukuniamini. Mwanaume asiyejua kitu ningeweza kumwonea huruma. Wewe ulijua. Ulimtetea jike la chiriku mbele ya mtaa mzima, mkeo ukamtupa.

Unga nimeurudisha. Kofia Ndaya ameipenda, itabaki. Wewe usije na begi. Njoo mchana, usimame pale pale uwanjani, uwaite baba yangu na majirani wale wale, useme kwa sauti ile ile kwamba ulinisingizia na kwamba mtoto ni wako. Sitakupikia, sitakuwekea kiti. Nitakuwa mlangoni nimemshika Ndaya mkono, asikie kwa masikio yake mwenyewe. Ukimaliza, gari za Fungurume zipo hadi jioni.

Safari njema, kama utathubutu kuja.

Mama Ndaya