Daftari Ndani ya Tuta

Jumatatu, 20 Novemba
Nimevaa sweta mbili tena. Soksi nene. Sakafu ya mahabusu Sumbawanga ina baridi, mwenyekiti wetu alishanionya. Sasa yeye ana siku ya sita ndani. Mimi ndiye katibu wa kamati ya ardhi. Zamu inayofuata ni yangu. Nimeshona sare tatu za shule huku natoka jasho. Mama kaanza kutengeneza pombe ya ulezi. Sikuuliza ya nini.

Jumanne, 21 Novemba
Wamekuja kupekua. Askari wawili. Wanataka daftari la wanakijiji waliosaini kupinga ardhi yetu kupewa mwekezaji. Wengine wameweka dole gumba. Bila daftari hatuna kesi. Wakilipata, watabebwa mmoja mmoja. Wamemwaga hadi unga. Hawajalipata. Nililitia kwenye mfuko wa nailoni nikalifukia shambani, tuta la tatu kutoka kwenye mpera. Mama sijamwambia. Asichokijua hawawezi kumlazimisha akiseme.

Alhamisi, 23 Novemba
Nimeitwa kituoni, Jumamosi saa mbili asubuhi. Nimemwonyesha Mama zilipo dawa zake za presha na namba ya wakili. Amelia. Mimi silii. Ugali sikusikia ladha. Akauliza nikichukuliwa nani atavunja matuta, ulezi utapandwa lini. Nikamjibu ulezi upotelee mbali. Vibaya sana. Sikuomba radhi.

Jumamosi, 25 Novemba
Benchi mpaka saa tisa. Hawakunihoji. Wamesema tu: rudi Jumatatu, uje na daftari au uje na nguo.
Nimefika nyumbani, shamba tambarare. Loo! Kumbe pombe ilikuwa ya kazi hii. Mama kaalika majirani wamlimie, kama tunavyowalimia wafiwa. Matuta yote yamevunjwa, nyasi zilizoozea ndani yake zimetandazwa vizuri, tayari kwa ulezi. Nimefukua kwa mikono karibu na mpera. Hakuna kitu. Mama akauliza natafuta nini. Hereni, nikasema.
Mjinga mimi. Kila mwaka matuta yanavunjwa mvua zikikaribia. Nimezaliwa hapa.

Jumapili, 26 Novemba
Kanisani, wote waliolima walikuwepo. Nimewasalimia nikiwatazama usoni. Wakaitikia kama kila Jumapili. Baada ya misa nikampa shikamoo mzee jirani yetu, ambaye dole gumba lake limo daftarini. Akaitikia, akanisogeza pembeni. "Kile ulichofukia kipo, binti yangu. Wakili atakipata siku ya kesi. Usiniulize kiko kwa nani."
Nimekasirika. Mimi ndiye niliyeandika majina yale, leo sistahili kujua lilipo! Wameona nitapigwa, nitasema.
Nimewaza njia nzima. Ningesema.

Jumatatu, 27 Novemba
Sweta mbili. Mama kanifungia viazi vya kuchemsha. Nimemwomba radhi kwa yale ya ulezi. Akasema nimwachie ufunguo wa cherehani.
Wakiuliza daftari liko wapi, nitasema sijui. Wafanye watakavyo, sijui.
Manyunyu yameanza. Mama ameshatoka na mbegu.