Majibu ya Rajabu kwa Daktari wa Kifua

Oli, Arua

Dada yangu Zaituni,

Arua hii mtoto hapumui mpaka mimi niseme. Usicheke. Uliza kliniki nzima ya kifua, kuanzia mlinzi wa getini. Daktari katoka mbali huko kusini, Kilugbara hajui, Kikakwa hajui, Kinubi ndiyo usiseme kabisa. Mtoto akimweleza shida yake, haelewi kitu mpaka mdogo wako, aliyekimbia shule kwa kuogopa hesabu, afungue mdomo kumtafsiria. Kina mama wananiita Profesa. Nami naitika.

Asalaam aleikum lakini, nimetanguliza majivuno nikasahau adabu. Mguu wa Mama unaendeleaje? Na wewe, unakula? Najua huli. Mimi mwili mzima, kingine sina cha kusifu.

Kwa simu nilikuambia mwanao Rajabu amelazwa, ukauliza imekuwaje, nikasema mtandao mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri tu. Ndiyo maana naandika, na barua hii nampa jirani yako anayerudi Koboko mchana huu.

Bado yuko kwenye oksijeni. Akivuta hewa mbavu zinaingia ndani kama za mbuzi aliyekimbizwa. Umeme wa hapa unaujua. Ukikatika, wodi nzima tunanyamaza kusikiliza kama jenereta itawaka. Jana alitaka kuniambia kitu, akafika neno la pili, akaacha. Daktari nikimwuliza atapona lini, anaangalia chati badala ya kuniangalia mimi. Sitakudanganya kwamba kuna matumaini, Dada. Nimeyatafuta sijayaona.

Sasa nikueleze kazi yangu, maana yote yametokea humo. Daktari anataka kujua pumu ya kila mtoto imetulia au bado. Anauliza: usiku unaamka kwa kukohoa? Kifua kinakuzuia kucheza? Halafu mtoto anaonyesha picha ya uso, unaocheka au unaolia. Akionekana ametulia mara mbili mfululizo, anapunguziwa dawa. Na watoto wenyewe ni mchanganyiko: Wakakwa, Walugbara, wakimbizi wa Sudani Kusini, Wakongo wa mpakani. Karibu wote wanaonyesha uso unaocheka! Mtu mzima mgeni kakuuliza hali, utamwambia mbaya?

Lakini mimi sidanganyiki. Alikuja mtoto kutoka Ludara, kwao wanaishi ubavuni mwa banda la kukaushia tumbaku, moshi asubuhi moshi jioni. Akasema kifua hakimzuii mpira hata kidogo. Daktari akaanza kufurahi. Nikasema ngoja kwanza.

"We bwana mdogo, unacheza namba gani?"

"Golikipa."

"Tangu zamani?"

"Hapana. Zamani nilikuwa mfungaji. Sasa nikikimbia naona giza."

Mama yake akapiga makofi. "Huyu mutu iko na akili!" Daktari akamwongezea mtoto dawa, akanipa mkono mbele ya watu wote. Dada, nilivimba, shati likanibana. Nikalitangazia benchi zima: "Mama zangu, wa kwenu wanakohoa kwa sababu hawana mimi nyumbani. Subirini mwone mtoto wa kwangu, Rajabu. Naye ana pumu, lakini analala kama gunia la muhogo!"

"Profesa, mulete tuone," wakasema, wanacheka.

Nisalimie Mama, umkande huo mguu wala asibishe. Msalimie shemeji akirudi kutoka mpakani, na mama mdogo yule mwenye ulimi, mwambie bado sijaoa na kosa ni la wasichana. Babu mwadhini mwombe atusomee dua, asiache.

Hapa ningekunja karatasi. Lakini ukija utamwuliza Rajabu mwenyewe, akipata pumzi ya kukujibu, na sitaki usikie kwake.

Siku ya zamu yake, benchi lilikuwa la kina mama wale wale. Daktari akauliza habari za usiku. Rajabu akanieleza kwa Kinubi, polepole, kwamba kila usiku moshi wa samaki anaowakausha mwenye nyumba unamwamsha, anakaa dirishani mpaka kifua kifunguke. Nilikuwa najua. Tunalala chumba kimoja, namsikia. Nikawaona wale kina mama wananitazama, nikamgeukia Daktari nikasema kwa Kiingereza changu cha kuokota: analala vizuri, hakohoi.

Rajabu Kiingereza cha shule anacho. Alisikia. Aliniangalia, kisha akainamisha kichwa, kama ulivyomlea, mtoto hambishii mkubwa wake mbele za watu.

Mara ya pili Daktari alimwuliza yeye moja kwa moja, mimi nimekaa kimya. Akajibu mwenyewe, kwa Kiingereza, kwamba analala vizuri. Akaweka kidole kwenye uso unaocheka. Daktari akamsimamishia ile pampu ya kahawia, ya kuvuta kila siku kuzuia pumu, na mpaka leo anashangaa amekosea wapi.

Tulipotoka nje nikamwuliza kwa nini amesema vile.

"Mjomba, si wewe ulishawaambia?"

Nikamwambia huyo ndiye mwanamume. Nikamnunulia soda.

Mdogo wako,
Isimaili