Hatua Mia Nane za Baba Mkubwa Joaquim

S.L.P. 61,
Cardwell Point,
California.
4 Mei 2016

Mpendwa kaka Duane,

"Ile haijawahi kuwa njia ya watu. Watu walipita pale kwa sababu baba yangu alikuwa mpole, na upole si sheria." Hayo ni maneno yako ya mwezi uliopita, na nimeyanakili neno kwa neno ili usije ukasema nimekusingizia. Majibu ninayo. Lakini mama yangu alinilea vizuri kuliko mnavyodhani huko, kwa hiyo salamu kwanza.

Hujambo? Shemeji Charlene hajambo? Goti lake jipya limeshazoea ngazi, au bado ni wewe unayetumwa huku na huku? Najua huko Arizona joto limeanza kupiga hodi. Sisi hapa tu wazima. Ukungu umekaa siku sita mfululizo na nguo zimekataa kukauka. Mama ametimiza miaka themanini na minne. Anasikia anachotaka kusikia na mengine anayaacha yapite. Jumapili ya Pentekoste atapika supu ya Roho Mtakatifu kama kawaida, nyama na kabichi juu ya mkate, na ameniagiza nikuambie kwamba bakuli lako lipo.

Nyangumi wamepita na watoto wao wiki iliyopita, karibu na miamba kiasi kwamba tulisikia pumzi zao kutoka juu. Msituni, chini ya misekwoya, kijito bado kina maji mengi na kangaga zimenifika kifuani.

Sasa tuingie kwenye hoja yako.

Unasema haijawahi kuwa njia ya watu. Duane, uliondoka hapa una miaka kumi na tisa, lakini kumi na miwili kati ya hiyo uliipita njia ile ukienda shule. Wapomo, wenyeji wa asili wa pwani hii, walishuka kwa njia hiyo kuchuma mwani na kome kabla jina la Azevedo halijavuka bahari yoyote, na bado wanashuka. Mwezi uliopita nimepishana nao wakiwa na magunia yao. Wakata magogo walishuka nayo kila Jumamosi wakitoka kambini. Babu yetu alipolinunua jabali hili, aliikuta njia imeshachimbika hadi kwenye kifundo cha mguu. Ikiwa hao wote si watu, nieleze ni nini.

Unasema tena kwamba njia ya leo si ile ya utotoni mwetu. Kweli. Ile ya utotoni iko baharini. Kila majira ya baridi mawimbi yanakula ukingo, na kila masika tunakuja na sururu na reki kuitengeneza njia, na inapobidi kuisogeza ndani kidogo. Tumeisogeza mara tisa tangu uondoke. Lakini anayetoka bondeni akitaka kufika pwani anapita palepale, kati ya msitu na maji, hatua mia nane juu ya ardhi yako. Nimezihesabu.

Na hofu yako kwamba mtu akianguka atakushtaki, hiyo haina msingi. Sheria ya jimbo hili inamlinda anayewaacha watu watembee kwake bure. Muulize mwanasheria yeyote, hata wa kwako.

Sasa nafika mahali ambapo uko sahihi, na hapa kalamu imekuwa nzito.

Unakumbuka mwaka 1973, wafugaji wote wa pwani hii walipoambiwa wajihadhari, kwa sababu watu wakipita kwenye ardhi yako miaka mingi bila kuomba, wanapata haki ya kupita milele? Majirani wakaweka senyenge na vibao vya kufukuza watu. Baba yako, Baba Mkubwa Joaquim, hakuweza. Alichukua ubao wa msekwoya, akachonga kwa mkono wake: "KARIBUNI. MNAPITA KWA RUHUSA YA FAMILIA YA AZEVEDO. FUNGENI LANGO, KUNA NDAMA." Na kila Aprili, mvua zikikatika, akazipaka herufi rangi nyeupe upya. Alipofariki nikaichukua brashi mimi.

Mwezi wa tatu, niliposikia unauza, nilikwenda kwa Bi Ruvalcaba, mwanasheria wa chama chetu cha njia, nikiwa na kifua mbele. Nilibeba ushahidi: makala yangu gazetini dhidi ya wanaofunga pwani, na juu yake picha yangu nimeshika brashi mbele ya kibao. Aliitazama, akavua miwani.

"Bi Lorna, kibao hiki nani anakipaka rangi?"

"Mimi. Kila Aprili."

"Kila Aprili?"

"Miaka ishirini na saba, sijakosa hata mmoja."

"Laiti ungekuwa mvivu," akasema.

Akanieleza taratibu. Haki ya kupita huzaliwa pale watu wanapopita bila ruhusa ya mtu. Anayekaribishwa ni mgeni, na mgeni anaweza kuambiwa aende zake. Kwa kila mkono wa rangi niliwakumbusha wapita njia, kwa maandishi, kwamba hapo hawana chao. Nimeandika miaka ishirini dhidi ya wajenga uzio, kumbe uzio imara kuliko zote pwani hii nimeujenga mimi, na nikapigwa picha nikiujenga.

Kwa hiyo kuhusu sheria umeshinda, kaka. Unajua ni mara ngapi nimeandika sentensi kama hiyo maishani. Mahakamani siendi.

Habari imeenea, bila shaka. Jumamosi tulikuwa kumi na wawili pale kwenye miti ya misaipresi, tukisogeza njia, maana baridi hii imekula mita mbili. Bi Aili Korpela alikuwa ameshafika na thamosi yake ya kahawa. Unamkumbuka Bi Aili, mpishi wa shule, aliyekuwa akituchapa mwiko tukidokoa. Ana miaka themanini na saba. Aliponiona tu:

"Lorna! Umekuja na brashi?"

Watu wakaangua kicheko.

"Nimekuja na sururu, bibi."

"Afadhali. Basi kaa na sururu yako hapo, na rangi uwaachie wengine."

Tukiwa bado tunacheka wakaja wawili kutoka upande wako, wakala wa mnunuzi na mpima ardhi wake, wakapigilia vigingi vyenye utepe mwekundu, kimoja katikati kabisa ya njia. Wakala ni dada mwenye adabu, alivua kofia.

"Samahani mama zangu, hapa utapita uzio mwezi wa sita."

"Uzio wa nini?" Bi Aili akauliza. "Mna ng'ombe?"

"Hapana, mama."

"Mbuzi je?"

"Hapana. Mwenye nyumba mpya anapenda utulivu."

"Mwambie hata mimi naupenda. Huwa nafuata huohuo hapa kila siku saa nne, na sijamkuta mtu wa kunipigia kelele isipokuwa huyu Lorna."

Dada wa watu akacheka, akaomba radhi, lakini vigingi hakung'oa. Hakuna wa kumlaumu, ametumwa.

Tulipomaliza nilimsindikiza Bi Aili kurudi kwake kupitia msituni. Anatembea polepole, anasimama kwenye kila msekwoya ulioungua ndani, anaushika kama anayemshika mtu begani. Kwenye daraja la gogo akaniuliza, bila mzaha safari hii: "Wakifunga, mimi nitapita wapi?"

Unaijua barabara kuu pale chini ya Cardwell. Haina hata ukingo wa kuweka mguu. Malori ya magogo upande mmoja, na upande wa pili madereva wanaotazama bahari badala ya barabara. Nikamwambia nitakuandikia.

Nikukiri jambo lingine. Nilikuwa nimeshakuandika, lakini si wewe uliyeandikiwa. Ni makala ya gazeti, kurasa saba, jina lako limo mara kumi na nne. Ni makala nzuri sana, pengine nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Niliisoma kwa sauti mezani. Mama akaweka kijiko chini, akasema, "Watakupigia makofi. Halafu?" Nimeichoma jikoni, na sina nakala. Usiichukue barua hii kama tishio, maana silaha nimeshaitupa.

Sikuombi usiuze. Uza, kaka. Jabali ni lako, umechoka kuwa na shamba usilolitembelea, na Charlene anahitaji nyumba isiyo na ngazi. Hilo ni halali yenu na sina neno. Ninachoomba ni kimoja: kabla hujauza, toa haki ya njia kwa hati. Bi Ruvalcaba ameiandaa. Inasema watu watapita kwa miguu, upana wa watu wawili, mchana tu, na kwamba bahari ikila ukingo, njia itasogea nayo. Nyumba ya mnunuzi itakuwa mbali, nyuma ya kilima. Hatamwona Bi Aili, na Bi Aili hana haja ya kumwona. Hati itabaki na ardhi hata ikiuzwa mara kumi.

Ulisema upole si sheria. Hapo hasa ndipo ninapopingana nawe, na si kwa hasira. Baba yako hakujua kanuni ya mahakama. Alijua anachotaka: watu wapite. Alikosea namna ya kuandika, nami nikalirudia kosa lake miaka ishirini na saba kwa mapenzi. Yeye hawezi tena kulisahihisha, na mimi sina mamlaka. Katika ukoo wote umebaki wewe peke yako mwenye mkono unaoweza kuufanya upole wake kuwa sheria, na mkono huo utaishiwa nguvu tarehe 10 Juni, siku utakapokabidhi ardhi.

Mama anakusalimu sana, na anauliza kama bado huli samaki. Bi Aili anakusalimu pia, anasema wewe ndiye uliyedokoa keki ya mdalasini mwaka ule, si mimi. Msalimie shangazi Odete mkimtembelea, mwambie kikohozi cha kaka yake, yaani baba yangu, kimepungua. Mungu awaweke salama katika nyumba mpya, awape kivuli huko kwenye jua lote hilo, na goti la shemeji lipone kabisa.

Duane, na wewe Charlene, maana saini yako inahitajika vilevile: hati imo humu ndani ya bahasha, kurasa tatu. Isomeni mezani pamoja. Ipelekeni kwa mthibitishaji, mtie saini wote wawili mbele yake, na iwe posta kabla ya Ijumaa, tarehe 3 Juni. Msiniandikie kwamba mnafikiria. Leteni hati.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokugombeza,

Lorna Azevedo