Vifungo Sita

Tarehe 4 Februari

Mpwa wangu,

Salamu tele. Mimi mzima, ila goti la kulia limeanza ubishi, nakanyaga cherehani kwa mguu mmoja. Wewe hujambo? Na kazi ya kupima viwanja vya watu? Na mwanao, Pini wetu, bado anakula huku amesimama?

Nakuandikia nikiwa na hasira, nivumilie. Mfuko wetu wa kusomesha mabinti unatimiza miaka ishirini na tano, na Mwenyekiti anataka kijitabu cha historia yake. Kasema uandike wewe, kwa kuwa ndiwe binti wa kwanza kusomeshwa. Vizuri. Lakini wiki hiyohiyo kamkataa binti wa fundi viatu, aliyeongoza kwenye usaili, eti ana mtoto wa miezi minne. “Mfuko huu tangu mwanzo ni wa mabinti wenye mwenendo.” Tangu mwanzo! Mbele yangu! Pona yake nilikuwa na pini mdomoni.

Shule zinafunguliwa tarehe kumi na nne Aprili. Andika yote, mwanangu. Usimwonee mtu haya.

Shangazi yako

Tarehe 20 Februari

Shangazi, shikamoo.

Pole na goti. Sisi tu wazima, na Pini siku hizi anakula huku anatembea.

Niliandika ukurasa wa kwanza. Wanawake sita wa chumba kimoja cha kushonea, mabaki ya vitambaa, foronya mlizotembeza nyumba kwa nyumba. Na yote hayo kwa ajili ya msichana wa miaka kumi na saba aliyefukuzwa shule na mimba, baba yake akamfungia mlango. Nikaandika kwamba msichana huyo ni mimi. Mwenyekiti kaurudisha umejaa wino mwekundu. Anataka “binti mmoja mwenye bidii”. Pembeni kaongeza: “Tusiwachanganye wageni.”

Sikufichi, niliogopa. Hapa kazini naheshimiwa, na hakuna anayejua nilikopitia. Nikamuuliza Pini kama itamuudhi. Alivyonitazama, weee! “Mama, kwani mimi ni siri?” Niliona aibu, shangazi. Si ya kumzaa, ni ya kumuuliza.

Nimemjibu Mwenyekiti kwamba sifuti hata nukta.

Mpwa wako

Tarehe 16 Machi

Marahaba, mwanangu. Goti ni lilelile, mdomo ni uleule.

Kijitabu kimetoka. Ukurasa wako haumo. Ipo picha ya Mwenyekiti kashika kalamu bado ina kifuniko. Na mimi kwenye sherehe ya miaka ishirini na tano sikualikwa, eti ngazi za ukumbi zitanitesa. Goti langu sasa linajadiliwa na kamati!

Lakini sikia kichekesho. Mabinti wote watavaa gauni la mfuko, na kijitabuni kaandika kwamba vifungo sita vya kifuani ni “alama ya heshima na stara”. Jamani! Huyu mtu hajui. Unakumbuka nilikushonea vile ili umnyonyeshe Pini saa nne, nikikuletea getini pa shule? Mwaka uliofuata mwalimu mkuu akamrudisha nyumbani binti wa pili kwa kuwa gauni lake halikuwa na vifungo, akidhani ndiyo alama yetu. Sisi tukanyamaza, tukashona. Mpaka leo tunashona.

Wamekupa dakika tano za kushukuru. Nakutumia gauni lako, nililihifadhi. Utajua la kufanya.

Shangazi yako

Tarehe 30 Machi

Shangazi, shikamoo, na kaa chini kwanza usome.

Nililibeba gauni ndani ya mkoba wa ramani. Mwenyekiti alisoma kijitabu chake, akafika kwenye vifungo, watu wakapiga makofi. Nilipoitwa nikalitandaza mezani pake. Nikasema, “Mwenyekiti, vifungo hivi ni vya kunyonyeshea. Na doa hili ni maziwa.”

Mabinti wote wakainama kutazama vifua vyao. Kisha yule daktari wa meno mliyemsomesha akaangua kicheko mpaka akavua miwani. Nikamwambia Pini asimame. Akasimama, na urefu wake ule, akapunga mkono utadhani anagombea kiti. Mwenyekiti akanyakua kipaza sauti, eti muda umekwisha. Nikamwambia zimebaki dakika mbili, saa ninayo. Nikazimaliza zote kwa kumtaja binti wa fundi viatu na mtoto wake.

Kamati imesema italifikiria. Sijui kama nimemsaidia binti wa watu. Ila “tangu mwanzo” hawataitamka tena.

Mpwa wako

Tarehe 13 Aprili

Marahaba, mwanangu mwenye moyo.

Doa lile nililisugua sana enzi zile likakataa kutoka. Nilivyolilaani! Leo nalishukuru.

Kamati bado inafikiri. Wafikiri tu, viti ni vyao. Sisi tumerudi kwenye foronya, na ada ya muhula wa kwanza imepatikana. Kati ya sita tumebaki watatu, na tundu la sindano hatulioni tena, lakini daktari wa meno na wenzake wanne wanakuja kila Jumamosi kututungia uzi. Binti wa fundi viatu kamaliza gauni lake jana. Kifungo cha tatu alikipachika upande, nikafumua, akarudia bila kununa. Kesho anaanza shule.

Naishia hapa, mkono mmoja una kazi. Mtoto yuko mapajani pangu anaivuta karatasi hii, na kesho saa nne tuna safari ya getini, goti litake lisitake.

Shangazi yako