Marehemu Aliyerudi Ukurasa wa 113

Chumba cha nyuma, ghorofa ya pili,
Mkabala na karakana ya baiskeli.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Nashikilia kwamba chapa ya kwanza ya tafsiri ni kitabu kamili, wala hakina haja ya kurudi kuomba ruhusa kwa Kifaransa kilikotoka. Hoja hiyo niliitetea mbele ya wahadhiri watatu, nikavikwa joho kwa ajili yake. Nitaitetea na humu, ingawa leo naitetea kama mtu anayeshikilia mlango kwa nguvu zote bila kujua anayebisha ni mgeni au mwizi.

Nimetanguliza hoja kabla ya salamu. Mama akijua, atasema shule imenifundisha yote ila adabu. Basi shikamoo, Mjomba. Goti linaendeleaje? Barua yako ya mwisho ilisema ngazi za huko zimegeuka adui. Sisi tu wazima. Presha ya Mama imetulia tangu aache kubishana na mpangaji wa chini. Mimi nimepata kazi ya muda katika maktaba ya mji, kubandika namba migongoni mwa vitabu. Mdogo wangu husema digrii imenipa gundi.

Mkusanyo wangu umefika vitabu kumi na vinne: riwaya za wale Wafaransa waliochoka kusimulia mambo kwa mfuatano, zilizotafsiriwa kwa lugha yetu, zote chapa ya kwanza. Kimoja nilikiopoa katika kabati la shule. Mchwa walikuwa wamekula pambizo, lakini maneno waliyaheshimu. Kingine muuza vitabu vya mitumba alikitia chini ya mguu wa meza ili isiyumbe. Aliniuliza, "Msomi, si uchukue hiki kipya? Maneno si yaleyale?" Nilimhutubia robo saa kuhusu tofauti ya chapa na chapa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanisogezea kiti akanishauri nikae kivulini.

Mfalme wa mkusanyo ni tafsiri yako, ile nakala uliyompa Mama mwaka aliofariki Bibi. Mwezi ujao maktaba itanipa kabati la kioo nionyeshe vitabu vyangu, na kila kitabu kinahitaji kadi ya maelezo. Kadi hiyo moja ndiyo iliyonitia kiwewe.

Wakumbuka kwamba riwaya ile haina namba za sura, ina nyota tatu tu kati ya sehemu na sehemu. Katika chapa ya kwanza, ukurasa wa 112 wanamzika mama wa msimulizi. Ukurasa wa 113 mama huyohuyo ameketi dirishani, anamshonea mwanawe kifungo cha koti na kumuuliza mbona amechelewa. Hakuna maelezo wala udhuru. Katika chapa ya pili, iliyotoka ulipokwisha kuhamia huko, mazishi yamepelekwa mwisho wa kitabu, kila kitu kimenyooka kama rula. Tasnifu yangu ilitumia kurasa arobaini kuthibitisha kwamba mpangilio wa kwanza ni kilele cha sanaa, na kwamba wachapishaji wa chapa ya pili walikuwa waoga.

Ili niandike kadi, nilikwenda kumuuliza Mzee Risasi zilichapwa nakala ngapi. Ndiye aliyekipanga kitabu chako herufi kwa herufi. Jina hilo alipewa kwa sababu ya miaka arobaini ya kushika herufi za risasi. Siku hizi anatengeneza mihuri barazani kwake. Nakala alizikumbuka, mia sita. Kisha, kwa kujigamba kidogo, nikamuuliza kama ni wewe au mhariri aliyetaka mazishi yatangulie.

"Ni feni," akajibu.

"Feni?"

"Feni ya dari. Mjomba wako alileta mafungu ya karatasi, kila fungu na pini yake, namba hakuna hata moja. Nimeyatandaza mezani, umeme umekatika. Uliporudi, feni ikayamwaga yote sakafuni. Nikaokota, nikapanga nilivyoona."

"Ulivyoona kwa kigezo gani, Mzee?"

"Kigezo! Nilisoma kidogo, kichwa kikaniuma. Vitabu vya hao jamaa zenu si ndivyo vilivyo, mbele nyuma, nyuma mbele? Nikajua hata nikikosea, atatokea mtu aseme ni ufundi."

Mjomba, mtu huyo alitokea, na joho alivaa.

Ningeishia hapo ningekuwa nimeaibika tu, na aibu ina mwisho. Lakini mzee akaongeza kwamba karatasi za majaribio, zile za kusahihishwa kabla ya kuchapa, ulizisoma mwenyewe, siku mbili, katika kiti kilekile nilichokalia mimi. Ulisahihisha mikato mitatu. Ulipofika katikati uliomba maji, ukanywa, ukaendelea, ukatia sahihi. Nikamuuliza kama ulisema lolote kuhusu mpangilio. "Alisema maji ni ya moto," akanijibu. Kuhusu chapa ya pili hana habari. Wakati huo alikuwa amehamishiwa upande wa kalenda.

Sasa nieleze, maana nikikamata huku kunaponyoka kule. Kama hukuona, nimesifu feni kurasa arobaini. Kama uliona ukaacha, basi kitabu ni chako kuliko cha Mfaransa, na hoja yangu inasimama, japo kwa mguu ambao sikuupa mimi. Lakini kama uliona ukaacha, nani aliyeagiza mazishi yahamishwe katika chapa ya pili? Ni wewe? Na kama ni wewe, mbona nilipokutumia tasnifu uliniandikia "hongera, mpwa" na habari za goti?

Mwenzangu wa maktabani ananiambia niitafute riwaya yenyewe kwa Kifaransa, nimalize ubishi. Nimekataa. Kuitazama ni kukiri kwamba tafsiri haijitoshelezi. Najua kukuuliza wewe ni kuitazama kwa macho ya kuazima. Nimeliona hilo, na bado nakuuliza.

Nilifanya kosa la kumsimulia Mama wakati wa chakula cha mchana. Nilidhani atacheka. Aliweka kijiko chini. "Yule mama wa dirishani anakata uzi kwa magego," akasema. "Nani mwingine ulimwona akikata uzi kwa magego? Tumemzika mama yetu, baada ya miezi mitatu kaka yangu ananiletea kitabu, nafungua, namkuta amekaa dirishani. Leo mwanangu niliyemsomesha ananiambia ni feni!" Sikujua, Mjomba. Miaka yote hii nilidhani anakipenda kwa sababu ni chako.

Amekifungia kabatini, ufunguo anatembea nao. Asema hakitoki mpaka useme mwenyewe. Kabati langu la kioo litakuwa na nafasi tupu katikati.

Nisalimie mkaza mjomba na wale mapacha; waambie binamu yao hajasahau deni la hadithi. Mama anakusalimu kwa sauti ambayo sitaiandika. Mungu akupe afya, akulainishie ngazi.

Lakini usinijibu kwa siri, wala usinionee huruma. Nilisema hadharani, nijibiwe hadharani. Jumamosi tarehe 12 Aprili, saa nne asubuhi, katika chumba cha kusomea, barua yako nitaisoma kwa sauti kama ilivyo. Mama atakuwa kiti cha mbele na Mzee Risasi pembeni yake; mhadhiri wangu nimemwalika. Andika mbele yao wote: uliona, au hukuona?

Mpwa wako, anayekupenda hata anapokushitaki,
Wakili wa Bure